Kutoka Luano Mpaka Ndjili

Mtu akituuliza: «Kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni mbali kiasi gani?», sisi hatuna tena jibu moja. Zamani tulikuwa nalo. Tulijibu upesi, kama mtoto anayejibu katekisimu: ni kilometa 1,550 hivi, na ndege huzimaliza kwa muda wa saa mbili na dakika chache. Jibu hilo ni la kweli, wala hatulikani leo. Lakini tangu safari tunayotaka kuwasimulia, tumejua kwamba ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili tulifundishwa na mama yetu mzazi akiwa kitandani, na mdogo wetu aliyepita chini wakati sisi tulipopita juu.

Habari ilitufikia jioni, baada ya misa ya Jumapili. Dada yetu aliyeolewa Kinshasa, ambaye mama alikuwa akikaa kwake, alitupigia simu akasema: «Mama amelala, hali tena. Anawaita ninyi watatu.» Tukakaa chini tukahesabu franka zetu. Tukauza kilichoweza kuuzwa; majirani na wakristu wa jumuiya yetu wakachanga walichoweza, Mungu awarudishie. Hata hivyo, tulipomaliza hesabu, tuliona kwamba fedha zinatosha tikiti za ndege mbili, si tatu.

Hapo mdogo wetu akanena kwa heshima: «Ninyi ndio wayaya. Mama akitaka kuacha neno, inafaa lipokelewe na wakubwa. Tangulieni kwa ndege. Mimi nitashika gari moshi mpaka Ilebo, kisha nitashuka kwa mto. Nitafika.» Sisi tulinyamaza, maana hatukuwa na neno lililo bora kuliko hilo. Jumanne asubuhi tuliagana naye nyumbani. Gari moshi lake lilipaswa kuondoka usiku ule ule.

Kiwanja cha ndege cha Luano kiko nje ya mji wa Lubumbashi, juu ya uwanda mrefu wa Katanga, meta 1,300 hivi juu ya bahari. Wanafunzi wetu wajue kwamba mahali palipoinuka hivyo hewa ni nyepesi kidogo kuliko pwani, na mabawa ya ndege huhitaji mbio zaidi ili yashikwe na hewa hiyo. Kwa hiyo njia yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya meta 3,000. Tulikaa dirishani. Mashine zikanguruma, ndege ikakimbia, ikainuka. Na nyumba za Lubumbashi, pamoja na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba kinachojulikana na kila mtoto wa mji, vikawa vidogo kama vitu vya kuchezea.

Tulipokuwa angani tulichukua karatasi na kalamu, kwa kuwa moyo wenye hofu hutulia ukipewa kazi. Tukafanya hesabu ambayo kila mwanafunzi wa sekondari anaweza kuifanya, akiwa na ramani nzuri mbele yake. Luano iko kwenye digrii 11 na dakika 35 za kusini, na digrii 27 na dakika 32 za mashariki. Ndjili, kiwanja cha Kinshasa, iko kwenye digrii 4 na dakika 23 za kusini, na digrii 15 na dakika 27 za mashariki. Tofauti kutoka kusini kwenda kaskazini ni digrii 7 na dakika 12. Kila digrii ina kilometa 111 hivi, basi ni kilometa 800. Tofauti kutoka mashariki kwenda magharibi ni digrii 12 na dakika 5. Huku kwetu, si mbali na ikweta, kila digrii ya namna hiyo ina kilometa 110 hivi, basi ni kilometa 1,330. Hizo ni pande mbili za pembetatu, na njia ya ndege ni upande wa tatu. Zidisha 800 kwa 800, uzidishe 1,330 kwa 1,330, ujumlishe, kisha utafute kipeo cha pili: utapata 1,552. Hesabu ya Mgiriki Pythagoras, aliyeishi zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristu, bado inatupima sisi watu wa Kongo.

Tena ndege kubwa za leo, zikiisha kufika juu, huenda kwa mwendo wa kilometa 800 na zaidi kwa saa. Ukiongeza muda wa kupanda, wa kushuka na wa kutembea juu ya njia ya kiwanja, unapata saa mbili na robo hivi. Wazee wetu waliosafiri kwa ndege za panga katika miaka ya 1950 walihitaji muda mara mbili. Na kabla yao, mwaka 1925, rubani Mbelgiji Edmond Thieffry aliondoka Brussels tarehe 12 Februari, asifike Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville siku zile, ila tarehe 3 Aprili: siku 51. Leo ndege humaliza safari kama hiyo kwa usiku mmoja. Basi tukasema mioyoni mwetu: hakika mbali pamekwisha duniani.

Tukatazama chini. Mwenye kuchora mstari mnyoofu kutoka Luano mpaka Ndjili ataona kwamba unapita juu ya Likasi, unaacha Kolwezi upande wa kushoto, unavuka Lualaba, kisha unaingia katika nchi ya Walunda, si mbali na Musumba, makao ya Mwant Yav. Halafu, jambo ambalo wengi hawalijui, mstari huo unakata pembe ya Angola, karibu na mji wa Dundo, kabla ya kurudi kwetu katika nyanda za Kwango na kupita karibu na Feshi. Marubani hawalazimiki kufuata mstari wenyewe. Wana njia zao za angani walizoandikiwa. Lakini mstari unatufundisha kwamba ndege haijui mipaka ya watu wala haiulizi jina la kijiji.

Mito tuliyoivuka ilikuwa kama nyuzi za fedha: Lualaba, Lulua, Kasai, Kwilu, Kwango. Yote huelekea kaskazini, na yote mwishoni huungana katika mto mmoja. Hata mto mdogo Lubumbashi, ambao mji wetu umechukua jina lake, humwaga maji yake katika Kafubu. Kafubu huingia katika Luapula. Luapula huingia katika ziwa Mweru. Kutoka ziwani maji hutoka kwa jina la Luvua, yakaingia Lualaba pale Ankoro, yakapita Kindu na Kisangani, yakazunguka nchi yote, hata yakafika mbele ya Kinshasa. Ndege hukata njia kwa saa mbili na robo; maji huzunguka majuma mengi. Lakini maji hupita kwa watu wote.

Tulitua Ndjili. Njia yake ya kutulia ndege ina urefu wa meta 4,700, miongoni mwa ndefu za Afrika. Tulipotazama saa za mikononi mwetu tuliona saa sita na robo, kwa sababu tuliondoka Luano saa nne asubuhi. Lakini saa ya ukutani ilisema saa tano na robo. Mama mmoja mwenye kitoto mgongoni, aliyekuwa hajasafiri kwa ndege kabla ya siku ile, alishangaa: «Kumbe tumesafiri saa moja tu?» Tukamweleza, na tunawaeleza ninyi pia. Dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja. Kati ya miji yetu miwili mna digrii 12, kwa hiyo jua huwafikia watu wa Lubumbashi dakika 48 hivi kabla ya watu wa Kinshasa. Serikali imezikamilisha dakika hizo ziwe saa nzima. Anayekwenda magharibi hudhani amepewa saa bure. Atakaporudi, safari ile ile itaonekana kuchukua saa tatu na robo, na saa ile atairudisha.

Kutoka Ndjili mpaka Kintambo, kwa dada yetu, si mbali sana kwa ramani. Lakini barabara ilikuwa imejaa magari kama mto uliojaa magugu, nasi tulikaa ndani ya teksi karibu saa mbili. Kilometa 1,550 na zile chache zilichukua muda karibu sawa. Huo ulikuwa mwanzo wa mafundisho yetu.

Tulimkuta mama yu hai. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini akili zilikuwa kamili. Padri wa parokia alikuwa amekwisha kumpa Mpako mtakatifu wa wagonjwa. Akatushika mikono, akatutazama mmoja mmoja, kisha akauliza: «Wa tatu yuko wapi?»

Tukamwambia: «Yuko njiani, mama. Anakuja kwa gari moshi.»

Tangu jioni ile, kila mara baada ya rozari, mama aliuliza swali lile lile: «Yuko wapi sasa?» Nasi tulijibu kwa habari tulizoletewa na simu. Siku ya pili tukasema: «Yuko Tenke.» Siku ya nne: «Yuko Kamina.» Siku ya saba: «Yuko Mwene-Ditu, gari moshi limesimama, wanatengeneza njia.» Siku ya tisa: «Yuko Kananga. Kuna mtu amemlaza nyumbani kwake.» Mama alikuwa mwanamke wa zamani, hakusoma ramani hata mara moja. Lakini kila jina alilipokea kama mtu anayepokea chakula. Alilirudia polepole, kisha akafumba macho, tukajua anasali kwa ajili ya mahali pale.

Siku moja tulimweleza habari za mito, jinsi maji ya Kafubu alikofua nguo alipokuwa msichana yanavyopita Luapula na Lualaba mpaka kufika karibu na nyumba aliyolala, pale maporomoko yanapoanzia. Akatabasamu, akasema: «Basi hata maji ya kwetu yanajua njia.»

Yafaa tuseme neno juu ya njia ile aliyoishika mdogo wetu. Reli iliyotoka kusini ilifika Lubumbashi mwaka 1910. Iliendelezwa hadi Bukama mwaka 1918. Na mwaka 1928 ilifika bandari ya Ilebo, ambayo siku zile iliitwa Port-Francqui, na Mfalme Albert wa Ubelgiji alikuja kuifungua. Wazee wetu wengi walitoa jasho lao kwa kuchimba vilima na kulaza vyuma vile. Reli hiyo ina urefu wa zaidi ya kilometa 1,500 kutoka Lubumbashi mpaka Ilebo. Kutoka hapo mtu hushuka kwa mto Kasai, kisha kwa mto mkubwa wenyewe, kilometa 800 hivi, mpaka Kinshasa. Jumla ni kilometa 2,300 na zaidi, badala ya 1,550 za angani. Tofauti ya urefu si kubwa kupita kiasi. Lakini tofauti ya siku, ndugu zetu, haielezeki kwa kanuni ya Pythagoras.

Siku ya kumi na mbili mdogo wetu alifika Ilebo. Baji ya kushuka ilikuwa ikingoja mizigo, naye akangoja pamoja nayo siku nne, akilala bandarini juu ya magunia ya watu. Siku ya kumi na sita akatupigia simu: «Tunaondoka. Mbele hakuna simu mahali pengi. Mwambieni mama ningali naja.»

Tukamwambia. Jioni ile, na jioni iliyofuata, mama aliuliza kama kawaida yake, nasi tukajibu: «Yuko majini.» Siku ya kumi na nane alipouliza hatukujua la kumjibu. Mkubwa wetu akashika ramani ya shule ya mpwa wetu, akataka kubahatisha: Dibaya-Lubwe? Mushie? Lakini hakuthubutu kumdanganya mama katika saa ile. Akasema: «Mama, leo hatujui mahali alipo.»

Mama akanyamaza kitambo. Kisha akasema maneno haya, wala hatujayaongeza wala kuyapunguza: «Mungu anajua. Akifika, msimwulize habari kwanza. Mpeni maji aoge, mpeni chakula. Ametoka mbali kuliko ninyi.» Akalala. Kabla ya mapambazuko, dada yetu alipokwenda kumtazama, alikuwa amekwisha kuitwa na Muumba wake.

Tulimzika siku ya ishirini, maana hatukuwa na uwezo wa kungoja zaidi. Siku ya ishirini na tatu, saa kumi jioni, mtu mwembamba mwenye vumbi alisimama mlangoni, na mkononi ameshika kifurushi cha karanga. Alipoona nguo zetu za matanga, alielewa. Hatukusema neno. Dada yetu akapasha maji, akamtilia katika beseni. Akaoga. Akala. Ndipo akalia, nasi pamoja naye.

Usiku, watu walipokuwa wameketi uani kwa matanga, mdogo wetu alianza kusimulia. Alisimulia juu ya mwanamke wa Luputa aliyempa mihogo kwa kuwa alisikia anakwenda kumwona mama yake. Alisimulia juu ya mtu wa Kananga aliyemlaza siku mbili asitake malipo, na Wakristu wa jumuiya ndogo waliosali pamoja naye kwa ajili ya mama yetu, katika lugha ya Kiluba ambayo yeye haijui vema. Alisimulia juu ya nahodha anayefunga baji kila jioni, maana usiku fungu za mchanga za Kasai hazionekani. Karanga zile alipewa na bibi mmoja wa kando ya mto, akaambiwa: «Mpelekee mgonjwa.» Akatuuliza majina ya watu tuliokutana nao sisi njiani, ili wote wakumbukwe katika misa ya arobaini. Tukatazamana. Sisi tulikuwa tumepita juu ya Likasi, juu ya nchi ya Mwant Yav, juu ya Kwango yote, na hatukuwa na jina hata moja la kumpa.

Wasomaji wapenzi, msidhani kwamba tunaisema vibaya ndege. Bila ndege tusingaliona uso wa mama. Siku zile kumi na nane tulizokaa naye tulipewa kwa saa mbili na robo, nasi tutamshukuru Mungu kwa ajili yake mpaka tutakapokufa. Ekleziya yenyewe haidharau kazi hii ya akili ya binadamu: mwaka 1920 Baba Mtakatifu Benedikto wa 15 alimtangaza Bikira Maria wa Loreto awe msimamizi wa wanaosafiri angani. Lakini tunasema hivi: nchi yetu si mstari kati ya viwanja viwili. Mwenye mabawa asimsahau mwenye miguu. Mwenye kusema «Kinshasa ni saa mbili tu» akumbuke kwamba kwa ndugu yake wa tumbo moja ni siku ishirini na tatu, na kwamba tofauti hiyo haitoki kwenye digrii za ramani, bali kwenye bei ya tikiti, kwenye reli iliyochakaa na kwenye barabara zisizotengenezwa.

Kwa hiyo tunawaomba wakristu wa parokia zetu mambo mawili. Kwanza, kila jumuiya iwe na kisanduku kidogo cha safari za dharura, franka kidogo kila juma. Maana siku mama atakapowaita watoto watatu, isiwe tena wawili ndio wanaofika. Pili, mnapomkuta mgeni kwenye kituo cha gari moshi au bandarini, mkumbuke Tobia kijana, ambaye malaika Rafaeli alifuatana naye njiani. Malaika yule hakuja na mabawa yanayoonekana. Alikuja kwa miguu.

Nasi tukiulizwa tena ni mbali kiasi gani kutoka Luano mpaka Ndjili, tutasema: kilometa 1,550, na saa mbili na robo. Kisha tutamuuliza aliyetuuliza: «Na mdogo wako, yeye anapita wapi?»